Hotuba juu ya Kuacha Tumbako



Nimeagizwa kusema juu ya tumbako. Si jambo jepesi kwa mtu wa umri wangu kusema hayo mbele ya wazee wenye vikopo vya ugoro. Sikuja kumkemea mtu. Mimi mwenyewe nilivuta sigara miaka 11. Mara mbili niliacha, mara mbili nikarudi.

Husemwa kwamba mvutaji hana nia. Lakini nikotini hufika ubongoni kwa sekunde chache tu, na ubongo huizoea hata ukaidai. Anyimwapo, mtu huwa na hasira na hukosa usingizi. Huo ni ugonjwa, wala si utovu wa adabu. Na ugonjwa hutibiwa.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliingiza chingamu na vibandiko vya nikotini katika orodha ya dawa za lazima. Mwaka 2021 likaongeza vidonge vya vareniklini na bupropioni. Chingamu hiyo hutafunwa polepole, kisha huwekwa kati ya shavu na ufizi. Matibabu huchukua wiki 8 hadi 12. Mtu amwone tabibu kwanza, hasa mama mjamzito; na mwenye kifafa asitumie bupropioni. Tena dawa ifuatane na ushauri, kwani dawa peke yake ni jembe lisilo na mpini.

Hapa Muthara wengi huvuta wanapotafuna miraa. Anayetaka kuacha aepuke baraza hiyo majuma ya kwanza. Wala kuhamia ugoro si kuacha. Nikotini ni ile ile.

Naomba mambo matatu. Kwanza, sigara isigawiwe mikutanoni petu. Pili, tusiwatume watoto dukani kununua sigara moja moja. Sheria ya mwaka 2007 yakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, na yakataza kuuza sigara mojamoja. Tatu, sehemu ya akiba ya Chama itengwe kumsaidia mwanachama asiyeweza kununua dawa. Tunachangia jeneza bila kusita. Tuchangie na pumzi ya aliye hai.

Mara ya tatu niliacha kwa dawa, na kwa mke wangu aliyehesabu siku pamoja nami. Asiachwe mtu kuhesabu peke yake.