Nguvu ya Kuzungusha: Toka Bega la Mpagazi Hata Nati ya Gurudumu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani waliokutana shuleni, Tabora)



Kamati iliponiandikia barua kuniomba nizungumze, ilinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote, mradi lisizidi dakika ishirini na lisiwe la siasa. Nimechagua nguvu ya kuzungusha. Naona baadhi yenu mmekwisha kutazama saa. Vumilieni. Nimefanya kazi ya ufundi miaka thelathini na minne, mingi katika hiyo hapa hapa Tabora, na katika yote tuliyofundishwa kwenye fizikia sijaona lililowagusa watu wa njia hii kuliko hili. Isitoshe, wengi wenu siku hizi mna mabasi na malori, na mwishoni nina neno nanyi.

Kanuni yenyewe ni fupi. Ukisukuma mlango karibu na bawaba, unatoa jasho. Ukiusukuma penye kitasa, unakwenda kwa kidole. Kinachozungusha kitu si nguvu peke yake, bali ni nguvu ikizidishwa kwa umbali wake toka kwenye egemeo. Zao hilo walimu wetu waliliita momenti, na mafundi wa magari huliita torki. Mimi nitasema nguvu ya kuzungusha ili tuelewane sote.

Sasa tuanze na wazee wetu. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani hapa hapa, tarehe 7 Novemba 1857, waliikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na Wanyamwezi na Waarabu miaka mingi, toka Bagamoyo hata Ujiji. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mnyamwezi aliuweka begani. Watu wa pwani walipenda kichwani. Kwa nini hakuna aliyebeba mkononi? Jibu liko kwenye kiwiko chako. Msuli wa mbele wa mkono umeshikamana na mfupa kiasi cha sentimita 4 tu toka kwenye kiwiko, ilhali kiganja kiko mbali kiasi cha sentimita 35. Ukishika kilo 10 huku umekunja mkono, msuli huo hauna budi kuvuta karibu kilo 90. Ukiweka mzigo ule ule begani, karibu na mstari wa uti wa mgongo, ule umbali unaoizidisha nguvu unapungua sana, na mifupa inachukua kazi ya misuli. Ndivyo mtu alivyoweza kutembea miezi na mzigo.

Mizigo mikubwa, kama pembe nzito za tembo, ilichukuliwa mzegamzega, watu wawili na mti mmoja. Hapo hesabu haimwonei mtu haya. Chukua mti wa mita 2 na mzigo wa kilo 60. Ukiutundika katikati, kila mmoja anabeba 30. Ukiusogeza hata ukawa nusu mita toka kwa wa mbele, yeye anabeba 45 na wa nyuma 15. Sina shaka kwamba wapagazi waliijua hesabu hii bila daftari, wala sina shaka kwamba wako waliousogeza mzigo taratibu wakati mwenzao akitazama njia.

Na jioni walipotua, moto waliupekecha. Vijana wengi hawajui tena ulindi na ulimbombo. Ulindi ni kijiti kigumu kinachosokotwa kati ya viganja, na ulimbombo ni kile kilaini kinachotobolewa. Kijiti cha unene wa sentimita 1 kina mzingo wa sentimita 3 na kidogo, kwa hiyo viganja vikisafiri sentimita 15 kinazunguka karibu mara tano. Ukichukua kijiti kinene mara tatu, nguvu ya kuzungusha inaongezeka, lakini mizunguko inakuwa miwili kasoro, na cheche haitoki upesi. Ulitaka nguvu, umelipa kwa mwendo. Ulitaka mwendo, umelipa kwa nguvu. Biashara hiyo tutaikuta tena.

Mtaniuliza: kama watu waliyajua haya, mbona gurudumu halikupita njia ile? Jibu ni mbung'o. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu mwaka 1877 kuleta magari ya kukokotwa na ng'ombe toka pwani. Ng'ombe wakafa kwa wingi njiani, na waliofika Ujiji mwaka 1878 walifika kwa mabega ya wapagazi. Gurudumu lilikuwapo, ila hapakuwa na wa kulizungusha.

Aliyekuja kulizungusha ni mvuke. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Lakini kabla ya garimoshi nataka tupande baiskeli kwanza, maana aliyeielewa baiskeli ameielewa nusu ya karakana.

Baiskeli yangu ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Mkono wa pedeli una sentimita 17. Nikikanyaga kwa uzito wa kilo 50 pedeli ikiwa imelala sawasawa, cheni inapeleka nguvu ile nyuma kwenye meno machache na gurudumu kubwa, na ukipiga hesabu hadi mwisho utaona tairi linaisukuma barabara kwa uzito wa kilo 10 tu. Kilo 40 zimekwenda wapi? Hazikupotea. Nimezibadilisha kwa mwendo: mguu ukienda hatua moja, tairi linakwenda karibu tano. Ni biashara ile ile ya ulindi.

Sasa mtazame kijana anayeleta mkaa mjini. Yeye, baiskeli na magunia ni kilo 200. Penye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 20, ardhi inamrudisha nyuma kwa kilo 10. Kilo 10 mbele, kilo 10 nyuma, na bado msuguano hatujauhesabu. Ndiyo maana hushuka akasukuma. Msiseme amechoka au ni mvivu, hesabu imemshusha.

Liko na jambo jingine. Kilo zangu 50 hufanya kazi kamili pedeli ikiwa imelala. Pedeli inapokuwa juu kabisa, nikiikanyaga moja kwa moja kwenda chini, naielekeza nguvu kwenye egemeo lenyewe. Umbali ni sifuri, na nguvu ya kuzungusha ni sifuri. Na kwa kuwa pedeli mbili zimetazamana, ya juu ikifa na ya chini imekufa papo hapo. Tunapita mahali hapo kwa msukumo wa mwendo tu. Mwenye mkaa akipanda pole pole hana mwendo wa kumpitisha, ndipo baiskeli inaposimama ghafla na kuangukia ubavu.

Wahandisi wa vichwa vya mvuke walikabiliwa na shida hiyo hiyo. Pistoni husukuma fimbo ya chuma, na fimbo huzungusha gurudumu kwa pini iliyo pembeni mwake. Pistoni ikifika mwisho wa safari yake, fimbo na pini na ekseli viko kwenye mstari mmoja: sukuma utakavyo, gurudumu halizunguki. Kama pini za kushoto na kulia zingetazamana kama pedeli, treni ingeweza kusimama stesheni isiondoke tena. Basi wakaziweka zikipishana robo mzunguko. Upande mmoja ukifa, wa pili uko kwenye nguvu zake zote. Mimi bado huona kuwa hilo ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa yaliyopata kufikiriwa na fundi.

Lakini hata nguvu ya kuzungusha ikiwa kubwa, ina bwana wake, naye ni mahali gurudumu linapogusa reli. Kwenye reli kavu kichwa cha treni hakiwezi kuvuta zaidi ya kama robo ya uzito ulio juu ya magurudumu yanayozungushwa. Tani 40, basi tani 10. Dereva akifungua mvuke kwa pupa pale treni inapoanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa toka Saranda kwenda Manyoni, magurudumu yanazunguka mahali pamoja kwa kishindo na treni haiendi. Kwa hiyo kichwa hubeba mchanga na kuumwaga mbele ya gurudumu. Mashine yenye thamani kubwa vile inaokolewa na mchanga! Wazee waliojua kazi walifungua mvuke kwa mkono mwepesi, na abiria hakujua treni imeondoka hadi alipoona miembe ikirudi nyuma.

Vichwa vya dizeli-umeme viliiondoa shida ya pini, kwani mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha pale pale inapoanza kutoka kwenye kusimama. Ndivyo ilivyo pia kwa treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na mwaka huo huo zikafika Dodoma. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021. Mchanga, hata hivyo, haujapitwa na wakati. Chuma juu ya chuma ni chuma juu ya chuma.

Katika maumbile mambo haya yamejaa, nami nitagusa mawili tu. Tembo akitaka kuangusha mti hausukumi kwenye shina; huinua kichwa na kuusukuma juu, mahali penye umbali mrefu toka mizizini. Na kile kisulisuli cha mwezi wa Septemba kinachoiba kofia uwanjani: hewa moto hupanda, hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi, na kila inavyokaribia katikati huzunguka upesi zaidi, kama mchezaji aliyezunguka amekunjua mikono kisha akaikunja. Chaweza kuzunguka kulia au kushoto. Nimevihesabu, na sikuona upande unaopendelewa.

Sasa lile neno langu na wenye magari.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye barabara ya Nzega, niliona tairi la lori likilitangulia lori lenyewe. Liliingia kwenye genge la mama muuza maembe, ambaye kwa rehema ya Mungu alikuwa amekwenda kuchota maji. Mwenye lori simtaji. Baadaye nilizitazama bolti zilizokatika. Sita kati yake zilikuwa na kutu ndani ya ufa, maana yake zilikwisha kukatika nusu siku nyingi kabla, na gari likaendelea kupakia watu juu ya mizigo.

Wengi hudhani bolti hulibeba gurudumu kama msumari unavyobeba kofia. Sivyo. Ukiikaza nati, bolti inavutika kidogo sana kama springi, na mvuto huo ndio unaoibana rimu kwenye habu hata visiteleze. Nati ikilegea, rimu inacheza, bolti inapindwa huku na huku kila mzunguko, na chuma kinachoka. Nati ikikazwa kupita kiasi, bolti inavutwa hata isirudi, kama raba ya kaptula iliyozeeka, nayo haibani tena.

Kwa hiyo kipo kipimo. Gari dogo hutaka kama nyutoni-mita 100. Malori na mabasi mengi yenye bolti kumi za milimita 22 hutaka 600 hivi, lakini kitabu cha gari lako ndicho cha kufuata. Sasa pigeni hesabu. Utingo wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 30, anatoa kama 200: ni theluthi tu. Akisimama kwenye mkono wa mita 1, anatoa karibu 690: amepita kidogo. Akichomeka bomba la mita moja na nusu, anapita 1,000, na akirukaruka juu yake, kama nionavyo kila wiki, hakuna ajuaye amefika wapi. Kijana yule yule, uzito ule ule. Urefu wa bomba ndio unaoamua kama abiria hamsini watafika.

Grisi kwenye nyuzi za bolti nayo huongeza mvuto kwa kipimo kile kile cha spana, basi msipake kama kitabu hakisemi. Futeni rangi na kutu kati ya rimu na habu. Na gurudumu lililofungwa leo likazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa kuwa nyuso zile hukaa sawa na mvuto ukapungua. Ukifunga gurudumu Tabora, usingoje Singida. Kisha chora mstari wa rangi toka kwenye nati hadi kwenye rimu: ukikatika, utingo ataona hata asubuhi ya giza. Kopo moja la rangi linatosha mabasi yote ya mkoa huu.

Nimekuja na spana ya kupimia. Baada ya chakula nitakuwa chini ya mwembe nyuma ya bwalo, na Mwalimu Mkuu ameruhusu tutumie lori la shule. Vijana watangulie: kila mmoja akaze nati moja kwa kubahatisha, halafu tuipime. Mwenye basi naye aje na utingo wake, kama amefuatana naye.