Toa Kipande: Neno Moja, Miaka Mia



Vijana wenzangu wa Kariobangi, na nyinyi mliotembea kutoka Huruma, Korogocho na Dandora, shukran kwa kuja. Leo nataka tuongee kuhusu neno moja tu: kipande.

Kila mtu hapa analijua. Umeshuka matatu usiku, polisi anakusimamisha: "Toa kipande." Hakuna anayesema "kitambulisho cha taifa". Lakini ukifungua magazeti ya zamani utalikuta neno hilo hilo, na ukielewa lilikuwa na maana gani hutalitamka tena hivi hivi.

Mwanzo lilikuwa neno la nyumbani. Kipande cha mkate, kipande cha kitambaa. Halafu likaingia kazini. Kwenye mashamba ya mkonge kule Tanganyika, kipande ilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kadi ijae ndipo mtu alipwe.

Huku Kenya serikali ya mkoloni ilipitisha sheria ya kusajili Waafrika mwaka 1915, na ikaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mshahara wake na jina la tajiri wake. Ilikaa ndani ya kikopo cha chuma, kikopo kinaning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Tajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, ukiondoka wewe ni mtoro, na mtoro alishtakiwa.

Sasa angalia magazeti ya Kiingereza ya masetla. Neno hili hawakulitafsiri. Waliliacha vile vile katikati ya Kiingereza chao, na vikiwa vingi wakaongeza "s" mwishoni: "kipandes". Mimi naona sababu iko wazi. Hakuna Mzungu aliyevaa kitu hicho, kwa hivyo hawakuhitaji kukitafutia jina kwa lugha yao. Lilikuwa neno la kumtaja mtu mwingine.

Lakini Waafrika walilichukua neno hilo hilo wakaligeuza kuwa shtaka. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake, akiwemo Abdullah Tairara, walianza kulalamika hadharani hapa Nairobi: kipande, kodi ya kibanda, mishahara kukatwa. Thuku alipokamatwa Machi 1922, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, wakapigwa risasi. Watu waliuawa, akiwemo mwanamke, Muthoni Nyanjiru. Kumbukeni, wanawake hawakuvalishwa kipande. Alisimama kwa ajili ya wengine.

Mwaka 1947 sheria ilibadilishwa, usajili ukawa wa watu wa rangi zote. Kikopo kikaondoka. Neno likabaki midomoni mwetu.

Je, maana ya zamani iliondoka? Waulize wazee wa Kisomali kuhusu mwaka 1989, walipopangwa foleni kuthibitisha kuwa ni Wakenya, wakapewa kadi nyingine ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho. Waulize Wanubi kuhusu kamati za vetting. Mwaka 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kwamba vetting hiyo imeondolewa. Tangazo ni zuri. Lakini kijana akifika ofisini bado anaweza kuulizwa babu yake alizikwa wapi, wakati mwenzake waliyesoma darasa moja hakuulizwa chochote.

Kwa hivyo shikeni haya mawili. Kifungu cha 12 cha Katiba kinasema kila raia ana haki ya kupata hati za utambulisho. Kifungu cha 47 kinasema ukiathirika kwa uamuzi wa serikali, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ukifika miaka 18, nenda. Ukikataliwa, usirudi nyumbani kimya. Omba maandishi, andika tarehe, kisha njoo tuzungumze.

Babu zetu walivalishwa kipande ili tajiri ajue wako wapi. Wewe unakichukua ili nchi ijue wewe ni wake. Ukiitwa dirishani, simama wima.

Wabillahi tawfiq.