Mboji: Akiba ya Udongo wa Nchi za Joto

Niko Brussels, katika mtaa zilipo ofisi za Umoja wa Ulaya. Pembeni mwa jengo la Bunge la Ulaya kuna bustani iitwayo Parc Léopold, nami hupita humo niendapo kazini. Majani yanayopukutika mwezi Oktoba huyakuta mwezi Machi yangali chini ya vichaka, yamelowa na kusinyaa, lakini umbo lake halijapotea. Baridi imewalaza bakteria na wadudu ambao kazi yao ni kuyaozesha.

Jani likianguka Yangambi, kando ya Mto Kongo, kiasi cha kilomita 100 magharibi ya Kisangani, halidumu hivyo. Joto na unyevu wa huko havina likizo. Hapo ndipo Wabelgiji walipoweka kituo kikuu cha utafiti cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933. Watafiti wake walipima majani yaangukayo msituni, na virutubisho vinavyokusanywa na miti inayoota upya katika shamba lililopumzishwa. Matokeo yake yalichapishwa hapa Brussels.

Je, jambo hili lamhusu nini mkulima wa Bukoba au Bungoma? Zaidi ya asilimia 90 ya nitrojeni iliyomo katika udongo wa juu imefungwa ndani ya mboji. Ikiwa katika hali hiyo, mahindi hayawezi kuitumia. Sharti kwanza bakteria waivunje mboji, nitrojeni itoke na kuwa nitrati, ndipo mizizi iinyonye. Mboji basi ni akiba, na bakteria ndio wenye ufunguo.

Ufunguo huo hufunguaje? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki kwenyewe. Huko Muguga, karibu na Nairobi, mtafiti H. F. Birch alikausha udongo, kisha akaulowesha. Mwaka 1958 alieleza kuwa udongo uliokauka, mara unapopata maji, hutoa nitrojeni nyingi kwa ghafla. Na kadiri ukavu ulivyokuwa mrefu, ndivyo inavyotoka kwa wingi. Hadi leo wanasayansi duniani huliita tukio hilo kwa jina lake.

Ndiyo maana anayepanda mvua za kwanza huvuna kuliko jirani yake aliyechelewa. Mvua zikizidi, nitrati huzama pamoja na maji, na mizizi michanga haiifikii tena.

Lakini kila mvua ya kwanza ni siku ya kutoa akiba, na akiba isiyorudishiwa huisha. Anayechoma mabua baada ya mavuno huipeleka nitrojeni angani pamoja na moshi. Majivu humbakishia potasiamu na chokaa. Anayefukia mabua makavu peke yake naye hungoja, kwa kuwa bakteria huichukua kwanza nitrojeni ya udongo ili wapate kuyaozesha. Afadhali ayachanganye na samadi au majani mabichi ya mikunde. Mbaazi, kunde na maharage hushirikiana na bakteria wa mizizini kuteka nitrojeni ya hewani, ambayo haiuzwi dukani.

Najua, mabua hayohayo yanangojewa na ng'ombe, na pengine na jiko. Basi na irudi shambani samadi ya ng'ombe aliyeyala.

Mwaka 2006, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliazimia kufikisha kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo 2015. Lengo hilo halikufikiwa. Mbolea ya dukani ina kazi yake, ila katika udongo uliokwisha mboji hakuna cha kutosha kuishika. Sehemu kubwa huondoka na maji, na pesa ya mkulima huondoka nayo.

Mwaka huohuo wa 2006, Tume ya Ulaya ilipendekeza sheria ya kulinda udongo. Mwaka 2014 pendekezo hilo liliondolewa, na ni mwezi Oktoba 2025 tu ambapo Bunge la Ulaya liliidhinisha sheria ya kufuatilia afya ya udongo. Miaka 19 ilipita. Udongo wa hapa, unaooza polepole, pengine uliweza kungoja. Udongo wa kwetu hutoa akiba yake kila mvua inapoanza, na mvua haisubiri bunge.