Kumtumaini Mungu Wakati wa Hofu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Halmashauri imenitaka niseme maneno machache kabla hesabu za mwaka hazijasomwa. Nimechagua habari ya hofu, kwa kuwa naijua kuliko ninavyoujua ushujaa, na kwa kuwa ninalo deni kwenu ambalo halimo katika daftari la Mweka Hazina.

Twaambiwa mara nyingi ya kwamba mtu wa imani haogopi. Mimi sikuyaona hayo katika Maandiko. Zaburi ya 56 yatajwa kuwa ya Daudi, wakati Wafilisti walipomkamata huko Gathi. Na humo Daudi hajisifu kwamba haogopi, bali asema atamkimbilia nani siku atakapoogopa. Nacho Kitabu cha Samweli chatueleza jinsi alivyojifanya mwenda wazimu mbele ya mfalme wa mji ule, akikwaruza milango na kuacha mate yatiririke ndevuni. Wazee, huyo ndiye aliyemwua Goliathi!

Lakini habari niliyotaka hasa tuitazame imo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 27. Paulo alikuwa mfungwa, apelekwa Rumi kwa hukumu ya Kaisari, katika merikebu ya Aleksandria iliyochukua ngano. Ndani yake walikuwamo watu 276. Tufani ikawashika, jua wala nyota zisionekane kwa siku nyingi. Usiku wa kumi na nne mabaharia wakahisi kwamba nchi i karibu. Wakatupa bildi, wakapata pima 20. Wakaenda mbele kidogo, wakapata pima 15. Kwa kuogopa miamba wakashusha nanga nne upande wa tezi, wakaomba kuche.

Hapo ndipo mabaharia wakaanza kuteremsha mashua, wakisingizia kwamba waenda kushusha nanga za omo, kumbe wataka kukimbia. Msiwahukumu upesi. Hao ndio waliokuwa wakiijua bahari. Hofu yao ilikuwa na elimu ndani yake. Naye Paulo alikuwa amekwisha kuahidiwa na malaika wa Mungu kwamba hapana hata mtu mmoja atakayepotea. Je, alinyamaza, akisema ahadi yatosha? La. Alimwambia akida na askari kwamba hao wasipokaa merikebuni, wengine hawataokoka. Nao askari wakazikata kamba za mashua. Kisha, kulipokuwa karibu kupambazuka, akawasihi wale chakula. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya watu wote, akala. Wakashiba, ndipo wakaitupa ngano baharini ili merikebu iwe nyepesi.

Nimeyasoma maneno hayo tangu utotoni, lakini nilianza kuyaelewa mwaka 2020. Mnakumbuka. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi; tarehe 27 amri ya kutotoka nje usiku ikaanza; tarehe 6 Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa. Makanisa yakafungwa pia, na yalipofunguliwa Julai, wenye umri wa zaidi ya miaka 58 waliambiwa wasalie nyumbani, yaani karibu safu yote ya mbele niionayo hapa. Mazishi yasizidi watu 15. Kwa chama kama hiki, ambacho kilianzishwa ili mtu wetu asizikwe kama mgeni, amri hiyo iligusa moyo wenyewe wa kazi yetu.

Katika Aprili ile baadhi ya wanachama waliomba akiba ya mazishi igawanywe, kila mtu achukue chake. Wengi wao walikuwa wamepoteza kazi hotelini na katika magari ya abiria, nao hawakuwa na unga nyumbani. Hao siwalaumu, na Halmashauri ilifanya vema kuwakopesha. Lakini barua ya kwanza ilikuwa yangu, na mshahara wangu haukuwa umepunguzwa hata senti moja. Niliandika kwamba nafanya hivyo kwa busara. Nilikuwa nateremsha mashua, ndugu zangu, nikisema nashusha nanga.

Mzee mmoja wetu alinipigia simu usiku. Hakunikemea. Aliniuliza tu: akifa mtu wetu wiki ijayo, tumzike kwa fedha gani? Nikaiondoa barua.

Mwezi wa Mei mtu wetu alikufa, si kwa ugonjwa ule. Fedha zilikuwapo, jeneza likanunuliwa, gari likapatikana, na kibali kikatolewa cha watu wachache. Mimi nilikuwa mmoja wa waliochaguliwa kumsindikiza. Jioni ile nikasema naumwa. Sikuwa mgonjwa. Kijana mmoja dereva, asiye na kazi wakati ule, akashika nafasi yangu, akaenda, akachimba kaburi pamoja na wenyeji, akalala ndani ya gari, akarudi. Mjane akampa kikapu cha viazi vitamu, viwe vya waliokuja na vya wale walioshindwa kuja. Aliniletea fungu langu mlangoni, akaliweka chini, akasimama mbali kama ilivyoagizwa. Tulivila siku tatu nyumbani kwangu, na sikuwaambia watoto vimetoka wapi.

Sikupotewa na imani wakati ule. Nilisali asubuhi na jioni, nadhani zaidi kuliko kijana yule. Ila sala zangu zote zilikuwa za kujiombea mimi na mlango wangu.

Baadaye, njia zilipofunguliwa, nilikwenda kwa mjane yule. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi barabarani. Alinipa kiti, akaniuliza kama mto ulikuwa umejaa pale darajani, kisha akanipeleka kaburini, tukasimama kitambo.

Bwana Mwenyekiti, ombi la nne katika orodha ya leo ni langu. Nalo ni kwamba kila palipo na msiba chama kilipe nauli ya wanachama wawili wa kwenda kukaa na wafiwa, hata nyakati ambazo wengi hawawezi kusafiri. Na ya kwamba jina langu liandikwe la kwanza. Nimekwisha kulipa nauli ya safari ile ya Mei, na Mweka Hazina anayo stakabadhi. Sasa namwachia nafasi asome hesabu.