Maji ya Rabi Salanter



Jioni hii nitazungumzia kunawa mikono. Myahudi anayeshika sheria hali mkate mpaka amiminie maji mikono yake yote miwili kwa chombo na kusoma dua. Uchafu si hoja. Hata mikono iliyo safi hunawishwa. Waliozoea udhu hawatashangaa. Sheria imeweka kiwango cha chini cha maji, nacho ni kidogo tu, ila Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi, inamsifu anayemimina kwa wingi.

Basi husimuliwa kwamba Rabi Israel Salanter, mwalimu mkubwa wa Lithuania aliyefariki mwaka 1883, alialikwa chakula akanawa kwa maji kiduchu. Wenyeji wakashangaa: mcha Mungu kama huyu, mbona anabania maji? Akawaeleza kuwa maji yale huchotwa na kubebwa na mtumishi wa kike, naye hakuona haki kujichumia thawabu juu ya mabega ya mwingine.

Kisa hiki hupendwa sana, na mara nyingi hueleweka vibaya. Watu hukitumia kudai kwamba ibada za nje ni bure, moyo mwema unatosha. Salanter hakusema hivyo. Alinawa! Kiwango cha sheria alikitimiza. Alichoacha ni ile ziada ambayo ingempa yeye sifa na kumpa mwenzake mzigo. Hoja yangu iko hapo. Katika Uyahudi roho hukulia ndani ya sheria ndogondogo za kila siku, pale mtu anapojiuliza gharama ya ucha Mungu wake inalipwa na nani.

Nafasi za kujiuliza hazikosekani. Talmudi inamtaka mtu atamke baraka mia moja kwa siku: akila mkate, akila tunda, akinusa harufu nzuri, na ngurumo inapopiga ina baraka yake. Ipo hata ya kusomwa baada ya kutoka msalani, ya kumshukuru Muumba kwa matundu ya mwili yanayofunguka na kufungika inavyopaswa. (Nawaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanacheka. Waulizeni wauguzi wa wodi ya figo.)

Tatizo ni kwamba baraka mia kwa siku hugeuka upesi kuwa maneno ya kasuku. Salanter aliliona hilo kwa wasomi wenyewe: mtu ataogopa nyama yenye shaka kidogo, lakini hataogopa kumsengenya jirani. Ndipo akaanzisha vuguvugu la Musar, yaani malezi ya tabia, ambalo wafuasi wake walisoma vitabu vya maadili kwa sauti, kwa kurudiarudia, mpaka maneno yawaguse. Kimojawapo kilikuwa Heshbon ha-Nefesh cha Menachem Mendel Lefin, kilichotoka mwaka 1808. Mpango wake Lefin aliuazima kwa Benjamin Franklin wa Marekani: tabia 13, zikiwemo subira, utaratibu, unyenyekevu na ukweli, kila moja na wiki yake, hivyo kila tabia hurudi mara nne kwa mwaka. Makosa huwekewa alama daftarini kila siku. Kuazima nje ya dini yake hakukumtia aibu, na hilo nampongeza.

Hata hivyo, kwa maoni yangu daftari peke yake halitoshi. Humfanya mtu ajikague mno, mpaka amsahau aliyebeba ndoo.

Wanafunzi wa Idara ya Dini, msidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Karibu na Mbale, Uganda, jamii ya Abayudaya inaishika Torati tangu mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alipoingia njia hiyo mwaka 1919. Atakayekwenda huko kwa utafiti asiishie kuhesabu masinagogi na kunakili sala. Akae jikoni, aulize nani anapika chakula cha Sabato, saa ngapi, na maji anayatoa wapi.