Nani Hulipa Gharama ya Bingwa?



Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Siku ya mwisho wanaume walishindana kilomita 267.5 katika milima hii inayotutoa jasho hata tukitembea. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliofika mwisho ni 30 tu. Tuliwashangilia kwa haki. Jioni ya leo naomba tuzungumze juu ya kijana wetu anayetaka kufika pale, na juu ya wanaomgharamia.

Adrien Niyonshuti wa Rwamagana alikuwa mtoto mwaka 1994. Kaka zake sita waliuawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Hapa Gisozi, jijini Kigali, walipolazwa wahanga zaidi ya 250,000, hakuna haja ya kueleza uzito wa sentensi hiyo. Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, alipokuja kuijenga Timu ya Rwanda, Adrien alikuwa miongoni mwa vijana wake wa mwanzo. Akasajiliwa na timu ya Afrika Kusini, akaishi mbali na waliobaki wa ukoo wake. Mwaka 2012 aliibeba bendera yetu kwenye Olimpiki ya London. Kisha akaanzisha shule ya baiskeli kwao Rwamagana. Kwangu mimi, shule hiyo ni tuzo kubwa kuliko medali.

Lakini Adrien ni mmoja. Abraham Ruhumuriza alishinda Tour du Rwanda mara tano, kabla mbio hizo hazijaingia katika kalenda ya kimataifa mwaka 2009, naye alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli ili apate riziki. Vijana wengi wa mchezo huu wametoka huko kwa abanyonzi, yaani wabeba abiria kwa baiskeli. Siku kijana anapofanya mazoezi, baiskeli haileti nauli nyumbani. Mama ndiye anayepunguza sufuria, mdogo wake ndiye anayesubiri karo. Hao hawapandi jukwaani.

Tunaambiwa malipo yatakuja akiwa mchezaji wa kulipwa. Neno hilo lichunguzwe. Shirikisho la dunia, UCI, limeweka mshahara wa chini kwa timu za wanaume za madaraja mawili ya juu. Daraja la tatu, la timu za kibara, ambako vijana wetu wengi huanzia na wengi huishia, halina kiwango hicho. Mtu anaweza kuitwa mchezaji wa kulipwa na bado akakosa kodi ya nyumba. Akivunjika mfupa wa bega akiwa na miaka 24, elimu aliyoiacha njiani haimsubiri.

Sisemi vijana waache baiskeli. Kipaji kisichotumika kinauma pia. Nasema taifa linalosimama barabarani kuwapigia makofi lina deni kwao. Klabu ziwape mikataba ya maandishi, bima ya matibabu na akiba ya uzeeni tangu mwaka wa kwanza. Na sisi wa chuo tusinyooshee wengine vidole: naliomba Baraza la Chuo litenge nafasi katika masomo ya jioni kwa waendeshaji wa klabu zilizosajiliwa, na liwaruhusu kuahirisha mitihani wakati wa mbio bila kupoteza mwaka. Uamuzi huo uko ndani ya uwezo wetu, na unaweza kupitishwa kabla ya muhula ujao.