Kuchagua Mbegu ya Viazi Bustanini

Leo twapenda kusema nanyi, hasa ninyi mkaao Babati na vijiji vya kando yake, juu ya viazi mviringo, ambavyo wazee waliviita viazi vya Kizungu. Hatusemi na mwenye shamba kubwa, bali na mama au baba mwenye bustani nyuma ya nyumba, apandaye matuta machache ili wanawe wapate kula.

Viazi hivi asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, penye baridi. Usiku ukiwa wa joto, mmea hujaa majani, lakini chini viazi havinenepi. Mji wa Babati, chini ya mlima Kwaraa, u katika kimo cha mita 1,350 hivi. Hauna joto kama Magugu, wala baridi kama Bashnet na Mbulu kule juu. Basi, mtu wa mjini na apande mwisho wa Februari au Machi, ili viazi vinenepe Mei na Juni, baridi inapoingia. Apande katika udongo usiotuamisha maji. Mstari na mstari futi mbili na nusu, shina na shina futi moja, kisha apandishie udongo mara mbili.

Aina zipo nyingi: Asante, Sherekea, Meru, Shangi na nyinginezo. Shangi huiva upesi jikoni, na kwa hiyo hupendwa. Lakini ukungu wa majani huishinda. Sherekea huuvumilia zaidi. Ushauri wetu ni kupanda aina mbili, wala si moja. Huko Ireland maskini walitegemea sana aina moja tu, na ukungu huo ulipowafikia mwaka wa 1845, viazi vilioza ardhini, na katika miaka iliyofuata watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi.

Lakini hata aina iliyo bora haimfai mtu aharibuye mbegu yake. Desturi ya wengi ni hii: wakiisha vuna, vikubwa huuzwa, vya kadiri huliwa, na vidogo vilivyosalia huwekwa kuwa mbegu. Twauliza: kile kidogo kilitoka katika shina gani? Mara nyingi kilitoka katika shina gonjwa, maana shina lenye virusi halizai vikubwa. Hivyo mtu huyo, pasipo kujua, kila msimu huchagua wagonjwa na kuwapanda. Baada ya misimu mitatu au minne hulalamika kwamba udongo umechoka, kumbe udongo hauna kosa. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Dawa yake ni rahisi. Mbegu huchaguliwa mmea ukiwa hai, wala si guniani. Viazi vianzapo kutoa maua, pita bustanini asubuhi ukiwa na vijiti. Kila shina lenye nguvu, lenye majani mabichi yasiyojikunja wala kuwa na madoa ya manjano, lichomekee kijiti. Baada ya juma mbili pita tena. Lililougua, ling'olee kijiti chake. Siku ya kuvuna, chimba kwanza penye vijiti, na mazao yake yaweke mbali. Shina lililozaa vichache au vyenye umbo baya, vyake vipeleke jikoni. Katika hayo mengine chagua viazi vizima vilivyo kadiri ya yai la kuku. Vitandaze juu ya uchanja, mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali, vitoe machipukizi mafupi yenye nguvu. Vikigeuka kijani visiliwe, maana vina sumu. Kwa kupanda havina dhara.

Jambo moja la kuogopa ni mnyauko. Ukiona shina limenyauka lingali bichi, na udongo una maji, kata kipande cha shina, ukining'inize katika bilauri ya maji safi. Vikitoka vijiuzi vyeupe kama maziwa, huo ndio mnyauko wa bakteria. Ng'oa shina na viazi vyake, uchome moto. Usichukue mbegu hata moja katika bustani hiyo. Kwa miaka kadhaa usipande hapo viazi, nyanya, bilinganya wala pilipili, panda mahindi. Mbegu safi mtafute kwa msaada wa bwana shamba.

Kuchagua hakumponyi mgonjwa, bali humzuia asirithiwe. Vijiti havinunuliwi dukani. Basi maua yatakapotoka, ingieni bustanini mkiwa navyo mkononi, kabla mashina hayajakauka na mzima na mgonjwa wakafanana.